Gundi ya Muhogo, Mgunga na Ukwaju: Mwongozo Kamili wa Kujitengenezea Gundi ya Mimea

Mifuko ya kwanza ya karatasi niliyotengeneza kwa ajili ya kuuza iliachia kitakoni siku ya pili. Ulikuwa mwezi wa nne, masika yameshika Arusha, na mteja alikuwa anafungashia kahawa iliyokaangwa. Nikaulaumu muhogo, nikarudi kwenye gundi nyeupe ya dukani. Mama yangu, mzaliwa wa Machame, alipoichovya kidole ile iliyobaki sufuriani hakusema mengi: "Hii hujaivisha, mwanangu. Ni uji mbichi." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeuepua wanga mara tu ulipoanza kuwa mzito, kisha nikaupaka mnene kama blubendi kwenye mkate.

Tangu hapo nimepika gundi ya mimea kwa ajili ya mifuko, lebo za chupa za asali, kadi za majani makavu ya migomba na madaftari ya kushona kwa mkono. Nimejifunza kwamba gundi hizi haziko dhaifu kama watu wanavyosema. Zinashindwa pale zinapopewa kazi isiyo yao, au zinapopikwa kwa haraka. Kwa hiyo kabla ya sufuria, tuanze na kuzijua.

Kujua unachokishika

Mimea hutupa vitu vya kunatisha vya namna kuu tatu, na kila kimoja kina tabia yake. Kuna wanga, unaotoka kwenye mizizi na nafaka: muhogo, ngano, mchele, viazi. Kuna gundi ya mti, yale machozi yanayotoka kwenye gome la mgunga yakakauka yakawa kama vipande vya kioo cha rangi ya asali. Kisha kuna ulimbo, utomvu wenye mafuta na harufu kali kama ule wa mipaini.

Ukiokota tone kwenye mti na hujui ni lipi, liweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu ulale. Asubuhi likiwa limeyeyuka au limevimba, ni gundi ya mti. Likibaki kama lilivyo, liweke kwenye spiriti. Likiyeyuka huko, ni ulimbo. Jaribio hili dogo linakuambia pia kazi ya kila kimoja: kinachoyeyuka majini hakifai kukaa mvuani, na ulimbo usioyajali maji ndio wa kuzibia na kushikia vitu vya nje.

Ujuzi huu ni wa kale sana katika bara letu. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta zana za mawe za miaka kama 70,000 iliyopita zikiwa na mabaki ya gundi ya mimea iliyochanganywa na udongo mwekundu. Udongo ule uliifanya gundi iwe ngumu na isipasuke ovyo. Mtu wa zama hizo alishajua kwamba gundi tupu haitoshi, na mimi huliwaza jambo hilo kila ninapotia unga wa mkaa kwenye ulimbo.

Gundi ya muhogo, hatua kwa hatua

Hii ndiyo mama wa gundi zote za karatasi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Ukiiweza, robo tatu ya mahitaji yako yamekwisha.

Unaweza kutumia unga wa muhogo wa sokoni, lakini una nyuzinyuzi na gundi yake huwa na chembechembe. Kwa kazi safi, kamua wanga wenyewe. Nunua muhogo mbichi usiokuwa na michirizi ya bluu ndani; Kilombero kwa walio Arusha au Mbuyuni kwa walio Moshi, nenda asubuhi. Menya, osha, ukwaruze kwa kikwaruzo cha karoti upate rojo. Weka rojo kwenye kitambaa safi, kipande cha kanga kuukuu kinafaa, kisha ukamue ndani ya beseni la maji kama unavyokamua tui. Rudia mara tatu mpaka maji yanayotoka yasiwe meupe tena.

Acha beseni litulie saa nne hadi sita. Wanga utazama chini na kushikamana kama chokaa. Mwaga maji ya juu taratibu, tia mengine safi, koroga, acha utuame tena. Mara mbili hivyo inatosha. Sambaza kwenye sinia, anika juani hadi ukauke kabisa na ukiuminya kati ya vidole ulie kama unga wa poda. Kwangu mimi, kilo 5 za muhogo hutoa wanga unaokaribia kilo 1.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Maji yale ya kwanza usiwamwagie kuku wala usiyaache mahali mbuzi watakapokunywa. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi ambayo hutoka na maji hayo. Yamwage shimoni, mbali na mifugo na watoto.

Sasa kupika. Kwa gundi ya mifuko, pima gramu 100 za wanga na lita 1 ya maji. Toa robo ya maji hayo yakiwa ya baridi, vuruga wanga humo mpaka pasiwe na donge hata moja. Robo tatu zilizobaki zichemshe. Yakitokota, punguza moto, mimina ule mchanganyiko kama uzi mwembamba huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama.

Utaona mambo mawili yakifuatana. Kwanza rojo litakuwa zito na jeupe kama maziwa. Hapo ndipo nilipokuwa naepua, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Endelea kukoroga kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi. Litageuka, weupe utaondoka, libaki na mng'ao wa kioo, na ukiinua mwiko litavutika badala ya kudondoka kwa matonge. Hiyo ndiyo gundi.

Sababu yake ni hii. Chembe za wanga haziyeyuki kwenye maji baridi, zinaelea tu. Zikifika joto la nyuzi kati ya 60 na 70 zinavimba, kisha zinapasuka na kuachia minyororo mirefu ya sukari ya glukosi. Karatasi nayo imejengwa kwa selulosi, ambayo ni minyororo ya glukosi hiyo hiyo iliyopangwa kwa namna nyingine. Ndiyo maana wanga na karatasi hushikana kama ndugu, na ndiyo maana wanga huo huo unateleza kwenye plastiki. Usiwe na wasiwasi na mwinuko wa kwetu: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, na maharage yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, lakini kwa wanga joto hilo linatosha na kuzidi.

Epua, chuja kwa kichujio cha chai, halafu bandika kipande cha plastiki au kitambaa kibichi juu ya uso wa gundi yenyewe ili isifanye utando. Ikishapoa unaweza kuizimua kwa maji kidogo kidogo. Kwa karatasi nyembamba naizimua hadi iwe kama mtindi mwepesi. Kwa kadibodi naiacha ilivyo.

Kuihifadhi isichache

Gundi ya wanga ni chakula, na wadudu, kuvu na panya wanalijua hilo. Ikiwa tupu, hukaa siku tatu au nne Arusha wakati wa baridi ya Juni na Julai. Moshi kwenye joto la Januari, siku mbili ukibahatika. Ikianza kunuka uchachu au kuachia maji juu, itupe. Kuipika upya hakuirudishii nguvu.

Tia vijiko viwili vya chakula vya siki kwa kila lita, lakini baada ya kuepua, kwa kuwa siki ikichemka pamoja na wanga huikata minyororo yake na gundi inakuwa majimaji. Karafuu nazo zinazuia kuvu vizuri: chemsha karafuu kumi kwenye maji ya kupikia kisha zichuje kabla ya kutia wanga. Kwa madaftari na vitabu, ambako mende ndio adui, natumia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, au nusu kijiko cha chai cha shabu. Wapo wanaotia mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Unaua wadudu kweli, ila ni sumu, na kwangu haiingii ndani ya nyumba yenye watoto. Kwa mfuko utakaobeba karanga au mkate, siki na karafuu peke yake.

Kubandika mfuko wa karatasi

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa karatasi umekuwa kazi ya mikono inayoweza kumlisha mtu. Gundi nzuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuipaka.

Kwanza jua mwelekeo wa nyuzi za karatasi ya kaki. Kata mraba mdogo, ulowanishe upande mmoja, utajikunja. Nyuzi zinakwenda sambamba na lile bomba lililojikunja. Panga mfuko wako nyuzi zisimame kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Ukikosea, mshono utajikunjakunja kama nywele zilizoungua.

Kwa mfuko wa wastani kata karatasi ya sentimita 48 kwa 34. Chora pande mbili za sentimita 15 na mbili za sentimita 8, zikipishana, na sentimita 2 za mwisho ziwe za kupandanisha. Kunja mistari yote kabla ya kugusa gundi, na ukisugue kila kikunjo kwa mgongo wa kijiko. Paka zile sentimita 2 kwa brashi, safu nyembamba kiasi kwamba unaona rangi ya karatasi kupitia gundi. Bandika, pitisha kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kitako kikunje sentimita 6 kwenda juu, fungua pembe, paka, pandanisha. Utabaki na mfuko wa kimo cha sentimita 28.

Panga mifuko ishirini ishirini, weka ubao juu, na juu ya ubao tofali. Wakati wa kiangazi inakauka kwa usiku mmoja. Masika ipe siku mbili, usiiharakishe kwa kuisogeza jikoni, maana karatasi inayokaushwa upande mmoja inapinda.

Kisha jaribu. Chukua mfuko mmoja kwa kila ishirini, uubandue mshono kwa nguvu. Karatasi ikichanika kabla ya gundi kuachia, umefaulu. Mshono ukifunguka safi na kuacha karatasi nzima, ama gundi haijaiva, ama umepaka nene, ama haijakauka. Jaribio hili lingeniokoa na ile oda ya kahawa.

Ngano, mchele na ile isiyofaa

Unga wa ngano unanata mapema zaidi kuliko muhogo kwa sababu ya protini yake, na ni mzuri kwa kubandika mabango ukutani na kadibodi nene. Kipimo kimoja cha unga kwa maji vipimo vitano, upikaji ule ule. Ubaya wake ni kwamba unaacha rangi kidogo na wadudu wanaupenda kupita kiasi. Wanaokarabati vitabu vya kale, Japani na kwingineko, hutumia wanga wa ngano uliotolewa protini, wakijua kwamba miaka mia baadaye fundi mwingine anaweza kuulowanisha na kubandua ukurasa bila kuuchana. Gundi nyingi za kiwandani hazitoi nafasi hiyo.

Wali uliopondwa, kila mtoto aliyerusha kishada anaujua. Unafaa kwa kishada. Unga wa dona usijisumbue nao: mafuta ya kiini cha mahindi yanazuia kunata.

Wanga wa kukaanga

Ukitaka gundi ya bahasha, ile inayokauka na baadaye kulambwa au kulowanishwa, unahitaji dekstrini. Ni wanga uliokaangwa mkavu. Weka wanga wako kwenye kikaango kizito, moto mdogo kabisa, koroga bila kuacha kwa nusu saa hadi saa nzima, mpaka uwe na rangi ya mchanga na harufu ya mkate. Joto limeikata ile minyororo mirefu kuwa mifupi, kwa hiyo sasa unayeyuka kwa wingi kwenye maji kidogo: kipimo kimoja kwa kimoja, maji ya moto. Paka ukingo wa bahasha, acha ukauke wazi.

Usiupepete wala kuumwaga kwa kishindo karibu na moto. Vumbi la wanga likiwa hewani linawaka kwa mlipuko.

Gundi ya mgunga

Ukitoka Arusha kuelekea Longido au ukashuka Simanjiro, migunga iko kila upande, na watoto wanaochunga wanaijua ile iliyo na machozi matamu ya kutafuna. Biashara kubwa duniani ya gundi hii inaongozwa na Sudan, na huko inatoka hasa kwenye mgunga mmoja unaostawi nchi kavu. Kwa karne nyingi imetumika kwenye wino, rangi za maji, na migongo ya stempu za barua.

Okota yaliyokwisha kutoka yenyewe wakati wa kiangazi. Usiuchanje mti wa mtu, na kwenye hifadhi usiokote kabisa. Ondoa magome, twanga kwenye kinu mpaka yawe kama sukari, kisha loweka kipimo kimoja kwa maji ya uvuguvugu vipimo viwili. Usichemshe. Koroga mara mojamoja, iache saa 24, ichuje kwa kitambaa. Ikikauka peke yake inakuwa ngumu na kupasuka, hivyo ongeza matone machache ya glisirini ya duka la dawa kwa kila nusu kikombe. Karafuu mbili ndani ya chupa zinatosha kuilinda.

Hii ndiyo naitumia kwa lebo za chupa za asali, kwa kuwa wanga hauelewani na kioo. Osha chupa iwe haina mafuta, paka lebo yote hadi kingo, bandika, futa. Mteja akirudisha chupa, unailoweka dakika kumi na lebo inatoka nzima.

Mbegu za ukwaju

Wauza juisi ya ukwaju wa Moshi hutupa mbegu kila jioni. Waombe. Ndani ya mbegu ile kuna kitu kinachovimba majini na kunata, na India wameufanya unga wake kuwa malighafi ya kukazia nyuzi viwandani.

Kazi yake ni ngumu, sitaficha. Osha, kausha, kaanga dakika kumi hadi kumi na tano mpaka maganda ya kahawia yapasuke, yatwange kidogo na kupepeta uondoe maganda yote, la sivyo gundi inakuwa na rangi ya chai. Nyama nyeupe iliyobaki ni ngumu kama jiwe: iloweke usiku kucha, itwange, ianike, itwange tena. Kijiko kimoja cha unga kwa vijiko ishirini vya maji, chemsha dakika ishirini. Kidogo kinafanya kazi kubwa. Naipenda kwa kadi za majani ya migomba, kwani inabaki na ulaini jani linapopinda, na haiachi weupe juu ya rangi ile nzuri ya kahawia.

Ulimbo wa paini kwa vipini

Kwa kisu kinacholegea kwenye mpini, gundi ya maji haisaidii. Okota ulimbo mkavu kwenye makovu ya paini uliyopogoa shambani kwako. Misitu ya serikali ina utaratibu wake, na ruhusa inatolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Weka kwenye kopo kuukuu, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, nje ya nyumba. Usiuweke moja kwa moja juu ya moto, mvuke wake unashika moto upesi. Ukiyeyuka, chuja takataka, tia unga laini wa mkaa, sehemu moja kwa tano za ulimbo, na nta kidogo ukiwa nayo ili usivunjike. Pasha mkia wa kisu, jaza tundu la mpini, sukuma, shikilia hadi upoe. Hauingii maji. Ukikiacha kisu juani juu ya bati utalainika, basi ukitunze kivulini.

Utomvu wa kuuacha

Mtu atakuambia kwamba mnyaa wa uani, ule wa vijiti vya kijani, una maziwa yanayonata. Yananata, na yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu. Sijawahi kuyatumia na sitayatumia. Ukikata ua wa mnyaa na maziwa yakakurukia, usifikiche: osha jicho kwa maji mengi safi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yametulia.